Kijisanduku na Saa za Nyumba

Mwenye nyumba wa Mpanda aliyelipwa fedha za tumbaku, akipita madukani na orodha ya mahitaji ya watoto wake, hukutana siku hizi na kishawishi kipya: kijisanduku cheusi kisichozidi kiganja, ambacho kikichomekwa kwenye televisheni na kupewa intaneti huleta sebuleni filamu, mihadhara, kandanda na tamthilia za mashariki na magharibi, pasipo dishi juu ya paa wala kadi ya king'amuzi. Aghalabu anachotaka kujua kwa shehe wake au padri wake ni jambo moja tu, kama chombo hicho ni halali. Naye akijibiwa kwamba chombo hakina dhambi, mwenye dhambi ni mtumiaji, hurudi dukani moyo umetulia. Jibu hilo ni la kweli, walakini halitoshi.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoandika juu ya kusikiliza nyimbo na ala katika kitabu chake kikubwa cha kuhuisha elimu za dini, hakukubali kutoa hukumu moja kwa watu wote. Alionyesha kwamba kusikiliza kwaweza kuwa haramu kwa huyu, makuruhu kwa yule, mubaha kwa wa tatu na jambo la kupendeza kwa wa nne, kwa kadiri ya kile ambacho kila mmoja amekuja nacho moyoni. Kwa mizani hiyo, mtu akisema kwamba kitu ni mubaha, ndipo kwanza fikira yake inapoanza. Ndiyo maana sala ya istikhara haisaliwi kwa ajili ya faradhi wala kwa ajili ya haramu, ambako njia imekwisha kuonyeshwa. Husaliwa pale njia mbili zote zi wazi na mja hajui ipi ina heri. Sioni aibu kwa mtu kusali rakaa mbili kwa ajili ya kijisanduku. Watu wamezisali kwa ajili ya safari ya Tabora.

Gharama nitazipita upesi, maana kila mtu wa Makanyagio au Kawajense azijua: televisheni ya chogo haina tundu la kupokea waya wa kijisanduku, chenyewe hununuliwa mara moja ilhali bando hununuliwa daima, na LUKU huisha pale pale filamu inapokolea. Mji uliowashwa miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, mbali na Gridi ya Taifa, hauhitaji kufundishwa habari za giza la ghafula.

Swali zito ni la wakati, na la nani mwenye kuamua. Unguja ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Bara, tangu enzi za Mwalimu Nyerere, ilikaa bila televisheni kwa kukusudia, ikiihesabu kuwa anasa katika nchi ambayo vijiji vyake vilikuwa vikingoja maji na zahanati, mpaka vituo vya watu binafsi vilipofungua njia mwaka 1994. Wapo walioona katika uamuzi ule busara ya mlezi, na wapo walioona ukaidi wa mzee. Mimi nauheshimu kwa sababu moja, kwamba kulikuwa na mtu aliyeufikiri na kubeba lawama zake. Leo mzigo ule umegawanywa, na kila baba na mama wa Mpanda amekuwa serikali ndogo, aghalabu bila ya kujua kwamba ameapishwa.

Televisheni ilipofika, ilifika na saa zake. Inapokaribia saa mbili usiku viti husogezwa, watoto wa jirani huvua ndala mlangoni na kuketi mkekani, mzee huomba sauti ipandishwe, na taarifa ya habari ikianza nyumba nzima hutazama mambo ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeyachagua: mafuriko ya mkoa wa mbali, Bunge la Dodoma, mazishi ya mtu wasiyemjua. Dini zetu zimejengwa juu ya adabu ya namna hiyo. Adhana haingoji mtu amalize shughuli zake, wala kengele ya misa haimuulizi muumini ni saa ngapi ingemfaa. Anayeitika hukiri kwamba wakati si milki yake. Kijisanduku humwambia kinyume cha hayo, tena kwa upole mwingi.

Insafu yanilazimu kusema upande wa pili. Saa ile ya pamoja imekwisha kuvunjwa na simu, baba yuko barazani na kandanda yake, binti chumbani na tamthilia yake, na kijana amejifunika blanketi na jambo analolijua yeye na Mola wake. Kijisanduku chaweza kuwarudisha wote mbele ya kioo kimoja, ambapo mkubwa huona anachotazama mdogo, na mdogo vilevile. Hiyo si faida haba, na kwa ajili yake sina ghera ya kukipinga.

Kinachonitia shaka ni kidogo mno. Tamthilia ikifika mwisho, pembeni mwa kioo sekunde huhesabiwa kurudi nyuma, na mtu asipobonyeza rimoti, sehemu ifuatayo huanza yenyewe. Katika fikihi ya ndoa kimya cha mwanamwali kimehesabiwa kuwa ridhaa, lakini kimezungukwa na walii, mashahidi na masharti. Hapa kimya cha mtu aliyechoka, saa sita ya usiku, chahesabiwa ridhaa mara nne au tano mfululizo. Augustino, Askofu wa Hippo, amesimulia habari za rafiki yake Alipio, aliyeburutwa na wenziwe mpaka kwenye mapigano ya kumwaga damu huko Roma, akaazimia kufumba macho. Ukelele wa umati ulipomfikia masikioni aliyafumbua, na tangu hapo akalipenda tamasha lile hata akawa anawaleta wengine. Nia yake ilikuwa njema, ila ilichelewa: aliitegemea akiwa amekwisha keti uwanjani.

Kwa hiyo naona uamuzi wa kweli uko kabla ya kulipa fedha, pamoja na saa ya kuzima na mahali pa kukiweka, ambapo si chumbani mwa mtoto. Nao usiwe wa mtu mmoja. Qurani yataka baba na mama waridhiane na kushauriana hata katika kumwachisha mtoto ziwa, na hali wanaokuja kuuliza habari za kijisanduku ni wanaume, wale wale ambao msimu wa mpunga hulala Mwamkulu, wakamwachia mke jioni zote za nyumba. Mama huyo akiulizwa, yamkini ataridhia kwa sharti kizimwe wakati wa sala na wa hesabu za shule. Akikataa, sidhani kama mumewe ana haja ya kuendelea kungoja jibu la istikhara.