Mwana-kondoo Jike wa Maskini

Tafakari ya 2 Samweli 12:1–7

Jumatano moja jioni, mwezi wa saba, wakati upepo wa Dodoma unapopenya hata kwenye sweta, tulikuwa watu kumi na mmoja katika funzo la Biblia la mtaa wetu, pembeni ya barabara iendayo Mvumi. Nilikuwa nimejiandaa. Daftari langu lilikuwa na hoja nne juu ya toba, kila hoja na maandiko yake. Kisa ambacho nabii Nathani alimsimulia mfalme Daudi, cha tajiri aliyemchinjia mgeni wake mwana-kondoo wa maskini, nilikisoma harakaharaka, kama mtu anayemsalimu jirani bila kusimama ili awahi dukani, kisha nikaingia hoja ya kwanza.

Mzee mmoja akainua mkono. Amechunga maisha yake yote; hata kanisani fimbo yake huilaza chini ya benchi.

"Mwalimu, hebu rudi pale kwa yule mwana-kondoo. Alikuwa dume au jike?"

Nikainama kutazama. Biblia yetu inasema alikuwa mke. "Jike, babu," nikamwambia.

Akanyamaza kidogo. "Basi yule tajiri hakuchukua nyama. Alichukua zizi zima."

Ilinichukua muda kumwelewa, lakini waliowahi kufuga walikuwa wamekwisha kutikisa vichwa. Dume unaweza kumchinja sikukuu ikifika, au kumpeleka mnadani ukalipe ada. Jike huli. Mtu asiye na kitu akipata jike mmoja, huyo ndiye mwanzo wake: atazaa, na mzao wake atazaa, na miaka ikienda vizuri na mvua zikiwa za kutosha, siku moja watu wataliita zizi lake zizi. Maskini wa Nathani alikuwa amemnunua mwenyewe, akamlea pamoja na watoto wake. Mimi nilikuwa nimesoma "mwana-kondoo" na kupita. Mzee aliona kesho ya mtu ikitiwa chunguni.

Halafu mama aliyekaa karibu na mlango akauliza, kwa sauti ya chini kama anajiuliza mwenyewe, "Na yule mgeni je? Alikula bila kujua."

Vijana wawili waliokuwa wakipekua simu wakainua vichwa. Kwetu Ugogo mgeni akifika hachinjiwi kwa kusitasita. Ni heshima ya mwenye mji. Na tajiri huyu alimkirimu mgeni, alifanya jambo ambalo kila mtu angelisifu, ila kwa mnyama wa mwenzake. Tukakaa juu ya jambo hilo hadi giza likaingia. Hoja zangu nne zilibaki daftarini.

Tangu jioni ile nimekuwa nikijiuliza kwa nini Mungu, alipotaka kumrudisha mfalme, alimtuma mtu mwenye kisa.

Turudi sura moja nyuma. Sura ya 11 inaanza kwa majira: ni wakati ambao wafalme hutoka kwenda vitani, lakini Daudi amebaki Yerusalemu. Jioni anaondoka kitandani, anatembea darini. Hana anachokitafuta, anatazama tu. Sisi tuliokulia kwenye tembe tunaijua dari ya namna hiyo: paa bapa la udongo, mahali ambapo ukipanda unaona ua wa kila jirani, nani anatwanga, nani anaoga, nani ana ugomvi. Wazazi hawakupenda tukae huko juu muda mrefu, na sababu yao haikuwa woga wa kuanguka peke yake.

Nimekuja kuamini kwamba simu imempa kila mmoja wetu dari ya mfalme. Kidole kinasukuma, ua mmoja unapita, mwingine unakuja: harusi, ajali, mchekeshaji, nabii, mtu anauza viatu, mtu analia. Ukipanda treni ya SGR, iliyoanza kutufikia hapa Dodoma mwaka 2024, utakuta behewa zima limeinama huku mibuyu ikipita dirishani, nami nimo miongoni mwao. Mtu aliye darini hakosi visa. Anavyo vingi kupita kiasi, na hakuna hata kimoja kinachomdai kitu. Kabla hakijamfikia moyoni ameshahamia kingine.

Nathani anapoingia ikulu, Daudi amekwisha kupita hatua hiyo ya kutazama. Amemchukua Bathsheba, mke wa askari wake Uria, na Uria amekufa kwa amri yake. Mjane ameletwa nyumbani, mtoto amezaliwa. Mfalme anazijua amri zote kumi, wala hakuna fundisho juu ya uzinzi au uuaji ambalo lingekuwa jipya masikioni mwake. Kumhubiria hoja nne kungekuwa kumpa mtu maji huku amefunga mdomo. Nathani anamletea kesi. Anamrudisha kwenye kiti chake cha hukumu, kazi aliyoitiwa, na kwa mara ya kwanza tangu jioni ile ya darini Daudi anatulia na kusikiliza kitu hadi mwisho.

Hebu tutazame kisa chenyewe kilivyoundwa, kwa sababu hapa hatusomi kwa makini kama inavyotakiwa. Tajiri amepewa sentensi moja: ana kondoo na ng'ombe wengi mno. Wengi, bila sura, bila hata mmoja tunayemwona. Mwana-kondoo mmoja wa maskini ndiye anayepewa maneno: anakula katika chakula cha bwana wake, anakunywa katika kikombe chake, analala kifuani pake. Kula, kunywa, kulala. Sasa fungua tena 11:11. Daudi alipombembeleza Uria aende nyumbani kwake, yule askari alikataa kwa kiapo: wenzake wamelala uwandani, naye awezaje kwenda kula na kunywa na kulala na mkewe? Ni vitenzi vilevile vitatu. Nathani amechukua maneno ya marehemu akayaweka katika maisha ya mwana-kondoo, na mfalme anayasikia bila kujua anamsikia nani. Kisha Nathani anasema mnyama yule alikuwa kama binti, na katika Kiebrania neno la binti ndilo linaloanza jina la Bathsheba.

Huo ni ufundi. Mtu alikaa chini akachagua kila neno, akaacha mengine yote. Hatuambiwi maskini alilia vipi wala watoto wake walisema nini walipoamka wakakuta mahali pa mwana-kondoo ni patupu. Nathani anaishia pale nyama inapoandaliwa, na anayemalizia ni Daudi kwa hasira yake: mtu huyo anastahili kufa, naye alipe mara nne, sawasawa na sheria ya kondoo aliyeibwa katika Kutoka 22:1. Hukumu imetoka kinywani mwake mwenyewe. Jibu la Nathani, "Wewe ndiwe mtu huyo," kwa Kiebrania ni maneno mawili tu.

Uwanda huu wetu umewahi kuzaa mtu aliyeielewa kazi hiyo. Ihumwa, jirani na pale Mtumba palipojengwa Mji wa Serikali, alizaliwa Mathias Mnyampala mwaka 1917. Alikuwa bado mtoto mchanga ilipoingia Mtunya, njaa kuu ya 1918 hadi 1920 iliyowaua Wagogo kwa maelfu. Wazee wetu walizipa njaa majina, na jina moja lilitosha kumfanya bibi aache kuchambua mboga za mlenda na kuanza kusimulia nani alikwenda wapi, nani alimpokea nani, nani hakurudi. Mnyampala alikulia katikati ya kumbukumbu za namna hiyo. Mwaka 1954 alichapisha kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo. Alikuwa liwali, kisha hakimu. Kazi yake ilikuwa kuwasikiliza watu wakieleza mambo yao. Na mwaka 1963, akiwa Mkristo Mkatoliki, akaitoa Injili kwa Kiswahili katika Utenzi wa Enjili Takatifu.

Fikiria maana ya kazi hiyo. Lugha ya mama yake ilikuwa Kigogo. Utenzi ni mali ya pwani, chombo ambacho washairi Waislamu walikuwa wamekitumia kwa muda mrefu kusimulia habari za mitume na mashujaa wa dini yao. Ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani minane, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja na cha nne kinashika bahari ya utenzi mzima. Ukitaka kumpitisha Yesu kutoka Nazareti hadi Golgotha kwa mizani minane minane, huwezi kuropoka. Kila silabi unaipima kama mtu anayegawa uwele mwezi wa pili, akiba inapoelekea kwisha na shamba bado halijaiva. Lakini utenzi huimbwa, na kinachoimbwa humfikia hata asiyejua kusoma.

Mnyampala ndiye pia aliyezipa sifa ngonjera, ushairi wa watu wawili wanaobishana hadi mmoja akubali. Kwa hiyo nina ombi moja kwa viongozi wa vijana: wiki moja wapeni vijana wawili 2 Samweli 12, mmoja awe Nathani, mwingine Daudi, wasome polepole, wamesimama, wanatazamana. Msieleze kitu kabla. Kaeni nao kimya kidogo baada ya yule wa Nathani kunyoosha kidole.

Lipo jambo linaloniumiza, nalo sitalipita. Wapo wahubiri waliogundua kwamba kisa kina nguvu, wakaanza kukitumia kama mtego. Leo dada fulani alifufuka mochwari, kesho kaka fulani alitoa mshahara wake wote sadaka na Jumatatu akapewa gari. Ukiuliza ni wapi, ni mji mwingine. Ukiuliza lini, ni juzijuzi. Huku ni kumchukua jike wa maskini kwa mara ya pili, kwa sababu anayeamini na kutoa ni yule mwenye kidogo. Daudi alikisikiliza kisa cha Nathani kama kesi, ndiyo, lakini Nathani hakumwacha akae humo kwa faida ya msimuliaji. Alikifungua palepale, akijua mfalme angeweza kumuua. Ukitaka kumpima msimulizi wa kanisani, tazama nani anayebeba hatari pale kisa kinapokwisha.

Na sisi wengine, tunaofundisha kwa nia njema, kosa letu ni haraka. Tunalichuna Neno kama muwa, tunatafuta utamu wa hoja, tunatema yaliyobaki. Kikombe cha maskini hatukioni. Mgeni aliyekula bila kujua hatumuulizi. Kisha tunawalaumu vijana kwamba hawasikilizi. Lakini vijana wale wawili wa Jumatano ile waliinua vichwa, nami nakumbuka saa ile ile: ilikuwa pale mama mmoja alipouliza habari za mtu ambaye mimi sikuwa nimemwona.

Kuna mstari katika 1 Nyakati 3:5 ambao niliupita miaka mingi, kwa kuwa ni orodha ya majina tu. Unataja watoto wanne ambao Daudi aliwazaa na Bathsheba huko Yerusalemu. Mmoja ni Sulemani. Mwingine anaitwa Nathani, na Luka anapohesabu ukoo wa Yesu, katika 3:31, anapitia kwa huyo. Biblia haisemi kama alipewa jina la nabii. Kwetu mtoto huitwa kwa mvua iliyonyesha, kwa njaa, kwa safari, kwa mgeni aliyefika siku hiyo, na ndugu hawana haja ya kuuliza sababu. Ninachojua ni kwamba katika nyumba ile, chakula kilipokuwa tayari, Daudi au Bathsheba alitoka uani kumwita mtoto aje kula, na jina aliloita lilikuwa Nathani.