Nguvu na Kuitika

Mpwa wangu alinijia na swali ambalo hakudhani kuwa ni la maadili. Turbo ya Land Cruiser yake ya dizeli ilikuwa imechakaa, na fundi alimpa mbili achague: kubwa, yenye nguvu nyingi gari likishashika kasi, na ndogo, isiyo na nguvu hizo lakini inayoitika mapema. “Mjomba, si mtu huchukua yenye nguvu zaidi?”

Turbo haina nguvu yake yenyewe. Huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo husindilia hewa ndani ili mafuta mengi zaidi yapate kuungua. Gurudumu lake likiwa kubwa, hewa ni nyingi, lakini gurudumu ni zito na hungoja moshi mwingi. Dereva hukanyaga mafuta, kisha naye hungoja. Porsche 911 Turbo ya mwaka 1975 ilisifika kwa nguvu zake za farasi 260, na vilevile kwa kuchelewa huko. Saab wa Sweden, walipoonyesha 99 Turbo mwaka 1977, walichagua turbo ndogo. Farasi walikuwa 145 tu, lakini waliitika katika mwendo wa kila siku.

Nilitaka kumjibu mara moja, nikasita.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, mwanachuo mmoja aliniomba nauli; mama yake alikuwa mahututi. Mfukoni nilikuwa nazo pesa za kumfikisha kwao. Lakini niliona msaada wa mtu mmoja ni jambo dogo; nikaitisha kamati tuanzishe mfuko wa dharura wa wanachuo wote. Mfuko ulipatikana, tena mnono, ukawafaa wengi. Yeye alifika kwao siku mbili baada ya mazishi. Hakunilaumu. Alinishukuru, na shukrani ile ndiyo inayoniuma hadi leo.

Sisemi kwamba udogo ni fadhila. La hasha! Turbo ndogo mno huishiwa pumzi mlimani, na nimewajua walimu wa namna hiyo: mlango wazi daima, mkono mtupu. Wala siwezi kusema mfuko ule ulikuwa kosa. Swali ni nani anayeingoja nguvu, na anaingojea wapi. Kwenye barabara iliyonyooka, dereva aweza kungoja. Mpwa wangu hupanda Kitonga na mzigo, akitoka kwenye kona kwa gia ya pili. Nguvu inayofika baada ya kona haimfai kitu.

Basi nikamwambia hayo ya kona, na fundi akamtafutia ya kati, iliyoegemea upande wa ile ndogo. Habari ya yule mwanachuo sikumwambia. Ataisoma hapa.