Bendera ya Chuo: Iteremshwe kwa Ajili ya Nani?



Katika darsa yetu lilizuka suala ambalo mwanzo lilionekana dogo: chuo kikifikwa na msiba, ni nani mwenye haki ya kuamuru bendera iteremshwe nusu mlingoti, na iteremshwe kwa msiba wa nani? Wako waliosema kwamba bendera ni kitambaa tu, na haifai watu wazima kugombana kwa ajili yake. Sisi hatuoni hivyo. Watu wa pwani yetu, ambao hadi mwaka 1963 walikuwa wakiiona bendera nyekundu ya Sultani juu ya Ngome ya Mombasa, wajua vyema kwamba kitambaa kikipandishwa mlingotini huwa ni neno. Na kila neno huulizwa kama ni la kweli au la uwongo, la haki au la dhuluma.

Natuanze na nchi iliyozieleza kanuni hizi kwa urefu. Huko Marekani, Rais Eisenhower alitoa tangazo mwaka 1954 kwamba akifa rais, au aliyepata kuwa rais, bendera ikae nusu mlingoti siku 30. Akifa makamu wa rais, au jaji mkuu, au spika wa Baraza la Wawakilishi, iwe siku 10. Na wakifa wengine, kama mawaziri na magavana, iwe tangu siku ya kufa hadi kuzikwa. Hata namna ya kuteremsha imeelezwa: hupandishwa kwanza hadi kileleni, ndipo ishushwe nusu. Mtu aweza kuzilaumu kanuni hizo kwamba zapima msiba kwa cheo cha marehemu, na lawama hiyo ina haki. Lakini zina fadhila moja kubwa, nayo ni kwamba zajulikana kabla mtu hajafa. Hapana awezaye kusema kuwa zilitungwa kwa kumpendelea fulani au kumchukia fulani.

Sasa na tuangalie yaliyotokea katika chuo kimoja cha nchi hiyo hiyo pale bendera ilipoteremshwa nje ya kanuni hizo. Chuo cha Hampshire kiko katika mji wa Amherst, jimbo la Massachusetts. Baada ya uchaguzi wa urais wa Novemba 2016 bendera ya hapo iliteremshwa nusu mlingoti. Siku chache hazikupita, ikachomwa moto usiku. Wakuu wa chuo wakatundika nyingine, nao wakaamua ikae nusu mlingoti kwa muda, kwa kuomboleza waliouawa nchini mwao na ulimwenguni. Lakini wako walioona kwamba chuo chayalilia matokeo ya uchaguzi, na askari wa zamani na jamaa za waliokufa vitani wakaona wametukanwa. Ilipofika tarehe 18 Novemba chuo kikaacha kupeperusha bendera yoyote. Mamia ya watu wakaja kuandamana. Na tarehe 2 Disemba bendera ikarudishwa kileleni.

Hatusemi kwamba wanafunzi wale hawakuwa na huzuni ya kweli, wala kwamba askari wale walijifanya kuudhika. Taksiri ilikuwa kwamba bendera haina ulimi wa kujieleza. Ikiteremshwa bila kanuni iliyokubaliwa tangu zamani, kila mtu huifasiri kwa moyo wake. Na kuziondoa bendera zote hakukuleta amani, kwa sababu kunyamaza katikati ya ugomvi nako hufasiriwa.

Huenda msomaji akauliza: haya yatuhusu nini sisi? Yatuhusu, kwani watoto wetu wamo vyuoni pamoja na watoto wa watu wa kila dini na kila kabila, na misiba huwafika wote. Tarehe 2 Aprili 2015 wauaji waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi, tena wakiwatenga Waislamu na wasiokuwa Waislamu, na wakidai kwamba wafanya hayo kwa jina la dini yetu. Serikali ilitangaza siku 3 za maombolezo na bendera zikateremshwa. Je, Mwislamu ana sababu ya kuona uzito kusimama chini ya bendera ile kwa kuwa wengi wa waliouawa si wa dini yake? Hana. Yamesihi mapokezi kwamba Mtume (S.A.W.) alisimama lilipopitishwa jeneza la Myahudi, na alipoambiwa ni la Myahudi, aliwakumbusha masahaba zake kwamba huyo naye ni nafsi. Basi chuo kinachoteremsha bendera kwa mwanafunzi wa dini moja na kumsahau wa dini nyingine kimedhulumu, hata kama hapana sheria ya nchi iliyovunjwa.

Lakini yatupasa tujue pia mpaka wa jambo hili. Alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume, jua lilipatwa siku hiyo, na watu wakasema limepatwa kwa ajili yake. Mtume mwenyewe, na moyo wake umejaa huzuni, aliikanusha kauli hiyo: jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Na bendera ya Saudia, kwa kuwa imeandikwa kalima ya shahada, haiteremshwi nusu mlingoti hata kwa mfalme. Alipofariki Mfalme Abdullah mwezi wa Januari 2015, bendera za Uingereza ziliteremshwa huko London, na wengine wakalalamika. Ya nchi yake mwenyewe ilibaki kileleni.

Tena na tukumbuke vita vya Muta, mwaka wa 8 wa Hijra. Zaid bin Haritha aliishika bendera akauawa, akaishika Jaafar bin Abi Talib akauawa, akaishika Abdullah bin Rawaha akauawa, kisha akaichukua Khalid bin Walid. Mtume aliwalilia, machozi yakamtoka. Kisha akaamuru watu wa nyumba ya Jaafar wapikiwe chakula, kwani yamewafika ya kuwashughulisha. Hapa ndipo lilipo somo letu. Huzuni ya Muta ilifika nyumbani kwa wafiwa katika sahani ya chakula.

Kwa hivyo twawanasihi wakuu wa vyuo, na vijana wetu walio katika vyama vya wanafunzi, mambo manne. Kwanza, kanuni ya bendera iandikwe wakati wa utulivu, kabla ya msiba, na isomwe na wote. Pili, ijulikane ni nani mwenye amri, na ni siku ngapi, ili asitokee wa kuishusha usiku kwa hasira au kwa mapenzi. Tatu, mwanafunzi, mwalimu na mfagiaji wa chuo wawe sawa katika kanuni hiyo, kwani mauti hayachagui. Nne, na hili ndilo kubwa, bendera isiwe badala ya haki za wafiwa. Chuo kinachoiteremsha bendera siku 3, kisha kikamdai mzazi karo ya mtoto aliyezikwa, kimeomboleza kwa kamba na kitambaa tu.

Kwa hakika bendera ikiteremshwa haimwongezei marehemu kitu, na ikibaki kileleni haimpunguzii. Anayenufaika nayo ni aliye hai, akikumbushwa kwamba jirani yake amefiwa, akaondoka kwenda kumpa pole, kumpikia, kumsaidia deni na kumlelea yatima. Tusiishie kutazama mlingoti ndugu zetu.

Mwenyezi Mungu atujaalie uadilifu katika furaha na katika misiba. Amin.