Urafiki wa Siku Moja

Kuna maswali ambayo ujana huyauliza kwa sauti, na utu uzima huyajibu kwa kunyamaza. Moja katika hayo ni hili: mtu akiisha kufunuliwa moyo wa mwenzake faraghani, je, ana deni la kumsalimu mbele ya watu?

Swali hili ndilo kiini cha The Breakfast Club, filamu ya Marekani iliyoandikwa na kuongozwa na John Hughes, ikatolewa mwaka 1985. Hughes alifariki mwaka 2009. Filamu yake ingali ikitazamwa na vijana ambao wazazi wao walikuwa vijana ilipotoka, na mwaka 2016 iliingizwa katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa kwa taifa ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Sababu ya uhai mrefu namna hii yafaa kutafutwa.

Kisa chenyewe ni chepesi. Jumamosi moja ya Machi 1984, wanafunzi watano wa shule ya sekondari katika mji wa kubuniwa wa Shermer, jimbo la Illinois, wanaadhibiwa kwa kushinda katika maktaba ya shule. Naibu wa mwalimu mkuu anawaagiza waandike insha ya maneno yasiyopungua 1,000, kila mmoja aeleze anajidhani kuwa nani. Brian ni hodari wa masomo, Andrew ni mcheza mieleka, Claire ni binti wa watu wenye nafasi, Bender ni mtukutu, na Allison ni mpweke asiyetazamwa na mtu. Asubuhi kila mmoja ni jina alilobandikwa. Alasiri majina yamebanduka. Andrew anasimulia kwa uchungu jinsi alivyomdhalilisha mwanafunzi dhaifu ili apate sifa kwa baba yake. Brian anakiri kwamba alama mbaya ya somo la ufundi ilimfikisha kwenye fikira za kujiua. Bender anaonyesha kovu la moto wa sigara ya baba yake. Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Siku ile milango mitano ilifunguliwa.

Wengi hudhani kuwa utamu wa filamu umekomea hapo. Mimi nadhani vingine. Kufunuliana moyo ni kwepesi pasipo mtazamaji. Hata abiria wa chombo kimoja hupeana siri ambazo hawajawapa ndugu zao, na wakishuka bandarini kila mtu hushika njia yake. Uzito wa filamu umo katika swali la Brian: itakuwaje Jumatatu? Je, tutakuwa marafiki bado? Claire anajibu kwamba hadhani. Anamwambia Andrew kuwa, Brian akimjia mbele ya wanamichezo wenziwe, atamsalimu, kisha akiisha kupita atamteta, wasije wakamdhania rafiki yake. Wenzake wanamkasirikia.

Je, Claire alikosa? Katika kusema hakukosa. Ahadi isiyokusudiwa kutimizwa ni wizi wa matumaini ya mtu, na Claire hakutaka kuiba. Lakini ukweli wake haukuwa wema kamili. Mtu asemaye, "Mimi ni mwoga," huenda amesema kweli. Akiongeza, "Kwa hiyo nitakimbia," ameugeuza ukweli kuwa udhuru. Kujua udhaifu wetu ni mwanzo wa wajibu, wala si ruhusa ya kuukwepa. Salamu haigharimu fedha. Hugharimu sifa, na kwa kijana sifa ni ghali kuliko fedha. Ndiyo maana deni dogo kama hili humshinda mwenye mali nyingi.

Filamu yenyewe haina usafi wa malaika. Allison anatazamwa kwa mapenzi baada ya Claire kumpamba uso, kana kwamba uso wake wa kwanza haukustahili rafiki. Bender anamsumbua Claire kwa namna isiyo ya heshima, na Molly Ringwald, aliyekuwa Claire katika mchezo, alilizungumza jambo hilo kwa mashaka katika gazeti la The New Yorker mwaka 2018. Kasoro hizi hazifai kufichwa. Zinaonyesha kwamba kazi iliyokusudia kuwalaumu wanaohukumu kwa sura, yenyewe haikuponyoka tabia hiyo. Maradhi yanayoelezwa ni makubwa kuliko mwelezaji.

Jioni Brian anaandika barua moja kwa niaba ya wote, akikataa majina waliyopewa. Claire anampa Bender hereni yake. Bender anakatiza uwanja wa mpira, ngumi yake juu. Kisha filamu inakwisha. Jumatatu haionyeshwi.

Kwangu mimi hiyo ndiyo siri ya kudumu kwake. Kama Jumatatu ingalionyeshwa, tungaliwasifu au tungaliwalaumu watoto watano wa Illinois, tukaenda zetu. Kwa kuwa haikuonyeshwa, kila mtazamaji hutoka na ya kwake: wa miaka 16 huikuta shuleni, wa miaka 40 huikuta kazini, pale aliyemlilia jana anapoingia mlangoni naye amezungukwa na wakubwa. Saa hiyo hakuna insha ya kuandika. Kuna mtu wa kusalimiwa, na watu wanaotazama.