Lipi Litangulie: Deni au Pambo?

Ndugu msomaji, liko suali ambalo kila mwenye kushika fedha za watu yampasa ajiulize kabla ya kuufungua mkono wake. Je, fedha za umma, zilizotolewa na tajiri na maskini, yafaa zitumiwe katika mambo ya uzuri, kama nyumba za picha, kumbi za muziki na maktaba za fahari, ilhali katika mji huo huo wamo watu wasiopata haki zao? Na ikiwa yafaa, ni kwa sharti gani?

Wengi hulijibu suali hili kwa haraka. Wako wasemao kwamba maadamu mtu mmoja ana njaa, kila senti iliyotumiwa katika uzuri ni dhuluma. Na wako wasemao kwamba uzuri ndio utakaoleta wageni, wageni ndio watakaoleta biashara, na biashara ndiyo itakayomlisha mwenye njaa. Majibu yote mawili ni mepesi, na jambo lenyewe ni zito. Wala sikusudii hapa kuingia katika mjadala wa muziki na picha, lipi lifaalo na lipi lisilofaa. Mjadala huo una mahali pake. Nakusudia uadilifu wa yule aliyekabidhiwa funguo za hazina.

Tuutazame mji wa Birmingham, Uingereza. Nimeuchagua kwa sababu baraza lake, katika muda wa miaka mia moja na hamsini tu, limepita katika njia zote zinazowezekana katika suali hili, na kila njia imeacha alama yake.

Mwaka 1873 Joseph Chamberlain alichaguliwa kuwa meya wa mji huo. Birmingham ulikuwa mji wa viwanda, wenye moshi mwingi na maradhi mengi, na maji ya visima vyake yalikuwa machafu. Katika miaka yake mitatu baraza liliyanunua makampuni ya gesi na ya maji, yakawa mali ya mji. Sisemi kwamba kila lililotendwa lilikuwa la haki, kwani mitaa ya maskini ilibomolewa, na wengi katika waliotolewa hawakujengewa badali yake. Lakini maji safi yalifika, taa ziliwaka, na gesi ikaleta faida. Kisha mwaka 1885 likafunguliwa jumba la makumbusho na picha la mji, lililojengwa juu ya ofisi za idara ya gesi, kwa fedha za idara hiyo hiyo. Jiwe la ukumbusho liliwekwa pale, limeandikwa maneno ambayo maana yake ni kwamba uzuri wakuzwa kwa faida ya kazi. Tafadhali uangalie mpango huo, ndugu msomaji. Maji yalitangulia, taa zikafuata, na picha zikaja mwisho, tena kwa ziada iliyokwisha kupatikana.

Sasa turuke miaka mia. Katika miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980 viwanda vya magari na vya vyuma vilianza kuanguka, na mji uliokuwa ukisifiwa kuwa ni mji wa kazi elfu ukajaa watu wasio na kazi hata moja. Baraza likafikiri, nalo halikufikiri kwa ubaya: ikiwa vyuma havituletei riziki tena, basi wageni watatuletea. Likajenga jumba kubwa la mikutano pamoja na ukumbi wa muziki uitwao Symphony Hall, yakafunguliwa mwaka 1991, kwa gharama ya kiasi cha pauni milioni 180. Ukumbi huo ukawa makao ya orkestra ya mji, ambayo asili yake ni mwaka 1920, na ambayo wakati huo iliongozwa na Simon Rattle na sifa zake zilikuwa zimeenea ulimwenguni.

Yatupasa tuseme kwa insafu kwamba yaliyotarajiwa hayakukosekana yote. Sehemu ile ya kati ya mji ilihuika, mifereji yake ya zamani ikasafishwa, hoteli na ofisi zikajengwa. Lakini wataalamu wawili, Patrick Loftman na Brendan Nevin, waliandika katika miaka ya 1990 wakilaumu kwamba fedha zilimiminwa katika majengo ya fahari huku shule na nyumba za watu zikipungukiwa, na kwamba kazi nyingi zilizopatikana zilikuwa za ujira mdogo. Lawama hizo hazikuwa za wataalamu peke yao. Mwaka 1993 Theresa Stewart, diwani aliyekuwa akiyapinga matumizi hayo, alichaguliwa kuliongoza baraza, akahimiza fedha zirejee zaidi katika elimu na makazi.

Hapa pana mageuzi ambayo mtu aweza kuyapita asiyaone. Mwaka 1885 uzuri ulikuwa tunda la kazi. Mwaka 1991 uzuri ulifanywa jembe, ukatakiwa ulime wenyewe. Na jembe likishindwa kulima hutupwa. Mwenye kuipenda picha kwa sababu ya fedha itakazoleta, siku fedha zisipokuja hana tena sababu ya kuipenda.

Twende mbele. Mwaka 2013 ilifunguliwa maktaba mpya ya mji, na aliyeifungua ni Malala Yousafzai, msichana wa Pakistani aliyepigwa risasi mwaka 2012 kwa kutetea haki ya wasichana kusoma, naye akatibiwa katika mji huo huo wa Birmingham. Maktaba hiyo iligharimu kiasi cha pauni milioni 188. Haukupita muda mrefu, baraza likatangaza kwamba halina fedha za kuiendesha, na mwaka 2015 saa za kufunguliwa zikapunguzwa kutoka 73 kwa juma hadi 40, na wafanyakazi wengi wakapoteza kazi zao. Wazee wetu walisema kwamba nyumba njema si mlango. Jengo hujengwa mara moja, watu wakapiga makofi, lakini kila mwaka lataka kulishwa, na siku ya kulilisha hapana wa kupiga makofi.

Sasa tulifikie jambo lililo zito kuliko hayo yote. Katika miaka hiyo ya majengo na sherehe, baraza lilikuwa na wafanyakazi wanawake wengi, wapishi wa shule, wasafishaji na watunzaji wa wazee, ambao walinyimwa nyongeza za mishahara walizokuwa wakipewa wanaume katika kazi zilizohesabiwa kuwa za thamani moja na zao, kama kuchukua taka na kufagia njia. Wanawake hao wakadai. Katika shauri moja watu 174, takriban wote wanawake, walishitaki baada ya kuacha kazi, na baraza likajitetea kwamba muda wao umekwisha kupita. Oktoba 2012 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua, kwa sauti tatu dhidi ya mbili, kwamba madai yao yaweza kusikizwa. Mlango ukafunguka. Kufikia mwaka 2023 baraza lilisema kuwa limekwisha kulipa karibu pauni bilioni 1.1 kwa madai ya namna hiyo, na kwa makadirio ya wakati ule lilikuwa bado lina deni la baina ya milioni 650 na milioni 760.

Ujira uliozuiliwa ni deni, wala si sadaka ambayo baraza likipenda hutoa na lisipopenda huacha. Mpishi aliyepika mwaka mzima kwa nusu ya haki yake amelikopesha baraza ile nusu ya pili bila ya kuulizwa. Kwa hiyo, kila ukumbi uliowashwa taa katika miaka ile, sehemu ya mafuta yake ilitoka katika chungu cha mpishi huyo. Hakualikwa kuwa mfadhili, wala jina lake halikuandikwa katika jiwe lo lote.

Mnamo Julai na Agosti 2022 Birmingham iliandaa Michezo ya Jumuiya ya Madola. Sisi katika Kenya twaikumbuka kwa furaha, kwani ndiyo michezo ambayo Ferdinand Omanyala alishinda mbio za mita mia. Lakini miezi kumi na tatu baada ya sherehe hizo, tarehe 5 Septemba 2023, baraza hilo hilo lilitoa ilani ya kisheria kwamba fedha zake hazitoshi kwa matumizi yake. Deni la wanawake lilikuwa moja katika sababu zilizotajwa. Ya pili ilikuwa mtambo wa kompyuta wa kuwekea hesabu, uliokisiwa kugharimu pauni milioni 19 na gharama yake ikapanda hadi kiasi cha milioni 100. Na haki yataka tuongeze kwamba msaada wa serikali kuu kwa mabaraza ya Uingereza ulikuwa umepunguzwa sana tangu mwaka 2010, jambo ambalo baraza halikulifanya bali lilifanyiwa.

Dawa iliyotolewa ilikuwa chungu. Kodi ya wenyeji ilipandishwa kwa karibu asilimia 10 mwaka 2024, na ikapandishwa tena mwaka 2025. Na msaada wa baraza kwa orkestra, kwa jumba la michezo ya kuigiza, kwa nyumba ya picha ya Ikon na kwa jamaa zao wengine ulikatwa nusu mwaka 2024, na mwaka uliofuata ukakatwa wote. Baraza lilihitaji kupunguza kiasi cha pauni milioni 300 kwa miaka miwili, na misaada hiyo ilikuwa sehemu ndogo mno ya fungu hilo. Haikukatwa kwa kuwa ndiyo iliyoleta hasara. Ilikatwa kwa kuwa ilikuwa rahisi kukatwa.

Huenda mtu akasema: "Basi umejijibu mwenyewe. Lau baraza lisingalitoa hata senti moja katika uzuri, wanawake wale wangalilipwa." La, si hivyo. Wanawake wale hawakunyimwa kwa sababu ya orkestra. Walinyimwa kwa sababu walionekana ni watu ambao haki yao yaweza kungoja. Baraza linaloona hivyo laweza kuubomoa kila ukumbi na mpishi akabaki vile vile, na fedha zikaenda katika mtambo mbovu wa hesabu. Kosa halikuwa katika kuupenda uzuri. Kosa lilikuwa katika kupanga.

Wanazuoni wa zamani waliyapanga mahitaji ya watu katika daraja tatu: ya dharura, ambayo bila yake maisha huharibika, ya haja, ambayo bila yake maisha huwa ya mashaka, na ya kupamba, ambayo kwayo maisha hutengenea na kupendeza. Hawakusema kwamba la kupamba ni la kutupwa. Walisema lina mahali pake, na mahali pake si pa kwanza. Naona mizani hii yatosha kumwongoza diwani wa mji wo wote, awe wa dini gani, kwa kushika mambo matatu.

La kwanza, deni litangulie pambo. Dawa ya deni ni kulipa, na mwenye kupamba sebule hali mfanyakazi wake amesimama mlangoni akidai ujira hajaipamba nyumba yake, ameifedhehesha.

La pili, pambo liwafikie wenye fedha. Kodi hutozwa katika kila mtaa. Ikiwa uzuri wote umekusanywa katikati ya mji, wanakofikia wageni, na mtoto wa mtaa wa mbali hapati mwalimu wala kitabu, basi maskini amemnunulia tajiri tiketi. Afadhali vyumba kumi vya kusomea vilivyo wazi kila siku kuliko jumba moja la kioo linalofungwa kabla mfanyakazi hajarudi kazini.

La tatu, watu waambiwe ukweli. Anayetaka kujenga ukumbi kwa kuwa ukumbi ni jambo jema na aseme hivyo, watu wapime. Asiwaahidi kazi na utajiri asioweza kuudhamini. Ahadi ya namna hiyo huvutia fedha leo, na kesho humponza yule yule msanii aliyeombewa, kwani huhesabiwa kuwa mfanyabiashara aliyefilisika.

Haya si ya Waingereza peke yao. Katiba yetu ya mwaka 2010 imezipa serikali za kaunti kazi ya maktaba, makumbusho, michezo na mambo ya utamaduni, na tangu mwaka 2013 kaunti zinaitenda kazi hiyo. Katiba hiyo hiyo imeamuru kwamba wananchi washirikishwe. Kwa hiyo siku utakapoitwa katika mkutano wa makisio, ukaonyeshwa picha ya jengo zuri litakalojengwa, usikimbilie kupiga makofi wala usikimbilie kulaani. Simama kwa adabu uulize masuali matatu. Je, wafanyakazi wa kaunti na wauzaji wanaoidai wamelipwa? Je, mtoto wa kijijini ataingia ndani ya jengo hili? Na je, ni nani atakayelilisha mwaka wa kumi? Ukijibiwa vyema, toa mkono wako kwa moyo mkunjufu, kwani watu hawaishi kwa maji na unga tu. Usipojibiwa, kaa pale pale uulize tena, kwani fedha ni zako.