Furaha ya Usiku

Twaulizwa mara nyingi: Je, ni dhambi Mkristo kukesha katika muziki? Hatuthubutu kujibu upesi. Paulo na Sila waliimba usiku wa manane gerezani Filipi. Giza si mali ya Shetani.

Walakini twatazama Nachingwea na Ruangwa. Zamani za mradi wa karanga wa Waingereza, ulioachwa mwaka 1951, mishahara ilikusanya Nachingwea watu wasiojuana. Siku hizi korosho zikiisha kulipwa, muziki hulia mpaka alfajiri, na vijana wengine husafiri hata Dar es Salaam na Unguja, wacheze kati ya watalii.

Ngoma ya kijijini nayo hukesha, lakini mchezaji huonwa na mjomba wake. Mjini mtu hulipa kiingilio apate kutojulikana. Hapo ndipo tuonapo jaribu, kuliko katika pombe yenyewe (nayo si ndogo). Maana asiyejulikana husahau upesi kwamba wengine nao ni watu. Yule binti aletaye vinywaji huitwa kwa mluzi, kama mbwa. Labda kwao ni Ruangwa. Labda mamaye huketi karibu nasi ibadani.