Ushahidi wa Nuru Iliyokosekana

Husemwa mara nyingi kwamba kisichoonekana hakithibitishi lolote. Nadhani kauli hiyo imetolewa kwa haraka, na atomu nzito zenye muoni zinaipinga waziwazi. Muoni ina chaji sawa na ya elektroni, ila tungamo lake ni kubwa mara 207. Ikinaswa na atomu huteremka ngazi baada ya ngazi kuelekea kiini, na katika ngazi za chini kila mteremko kwa kawaida hutoa eksirei. Mwaka 1953 Val Fitch na James Rainwater walizipima eksirei hizo katika Chuo Kikuu cha Columbia. Kwenye risasi, mteremko wa mwisho ulitoa elektronivolti zipatazo milioni 6, pungufu sana kuliko ambavyo kiini kilicho nukta tupu kingetoa. Kumbe muoni ikifika chini huwa sehemu kubwa imo ndani ya kiini chenyewe.

Kwenye urani, sehemu ya eksirei za mteremko huo wa mwisho haipatikani. Muoni imefika chini, lakini nishati yake imeingia moja kwa moja kwenye kiini na kukisisimua, bila mwanga wowote kutoka. Ukosefu huu una uzito wa ushahidi kwa sababu matarajio yetu hayakuwa ya kubahatisha: eksirei za ngazi za juu zimekwisha kutuonyesha ni muoni ngapi zilikuwa njiani, na nishati haipotei. Pale ambapo hatujui kilichopaswa kutokea, kutoonekana kwake hakutufundishi kitu.

Mtu atauliza: je, kama kipimo hakikunasa vizuri, au muoni ilioza kabla ya kufika? Kipimo hukaguliwa kwa risasi, ambayo eksirei zake ziko karibu na nishati ileile. Kuhusu kuoza, muoni huru huishi wastani wa mikrosekunde 2.2, ilhali mteremko wote humalizika katika muda mfupi kuliko nanosekunde moja.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kizingiti cha kupasuka kwa kiini cha urani-238 nacho ni kama elektronivolti milioni 6, hivyo baadhi ya viini hupasuka papo hapo. Basi si mpasuko huo ndio ushahidi, na nuru iliyokosekana ni nyongeza tu? Sikubali. Mpasuko wa papo hapo hutofautishwa na ule unaochelewa kwa nanosekunde zipatazo 80, muoni inapomezwa na kiini, lakini peke yake hautuambii ni viini vingapi vilisisimuliwa. Viini vingi vilivyopokea nishati ileile havipasuki. Hutulia kwa kutoa neutroni au miali ya gama. Anayehesabu mipasuko peke yake atavikosa hivyo vyote, na ni upungufu wa eksirei unaovijumuisha katika hesabu moja.